Matairi Mapana, Ndimi Nzito

Ndugu zangu, hakuna dhambi katika rimu. Nalisema hili mapema ili wenye magari wasiukunje ukurasa kabla hatujafika mbali. Mtu aliyechuma kwa jasho lake, akanunua Premio au Mark X, kisha akaona magurudumu yaliyokuja na gari kutoka Japani hayamkoshi roho, ana haki ya kuyabadilisha. Kupenda kilicho kizuri si kosa, na gari safi lililosimama vizuri barabarani hufurahisha hata macho ya apitaye kwa miguu.

Lakini sisi tunaoshinda katika mitaa hii ya Kariakoo, Dar es Salaam, tunaona mambo. Kuanzia Msimbazi hadi Gerezani, rimu zimetundikwa ukutani mpaka juu ya milango, vijana wanaita wateja kutoka katikati ya barabara, na kutwa nzima magari madogo yanapandishwa jeki. Yanavuliwa rimu za inchi 14 au 15, yanafungwa za 17, 18, hata 19, na matairi mapana kuliko gari lilivyokusudiwa. Yakishushwa yamependeza kweli. Kinachonishughulisha mimi ni maneno yanayosemwa kati ya jeki kupanda na jeki kushuka, na zaidi yale yasiyosemwa.

Kwanza tuitendee haki kazi yenyewe. Inaweza kufanywa kwa uaminifu, na wapo mafundi wanaoifanya hivyo. Ubavuni mwa tairi lako pameandikwa, kwa mfano, 195/65R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni inchi za rimu. Ukipiga hesabu, tairi hilo lina kimo cha milimita 634 na nusu kutoka chini hadi juu. Sasa chukua 225/45R17. Limepanuka kwa sentimita 3, rimu imekua kwa inchi 2, lakini kwa kuwa ubavu umepungua, kimo kimebaki 634 na kitu. Mshale wa spidi unaendelea kusoma kama ulivyokuwa ukisoma, na kwenye lami kavu gari linashika barabara vizuri zaidi likikata kona. Fundi anayeijua kazi yake atakupigia hesabu hiyo kwenye simu kabla hajagusa spana. Halafu atakueleza na upande wa pili: stelingi itakuwa nzito kidogo, mafuta yatatumika zaidi, ubavu mfupi hausamehe mashimo, na tairi pana huelea upesi juu ya maji kuliko tairi jembamba. Kwa mji ambao Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani Mto Msimbazi unapofurika, hilo la maji si la kupuuza. Ukishaambiwa yote hayo ukasema "funga", hiyo ni biashara halali kati ya watu wawili wanaojuana nia.

Matatizo yanaanza pale hesabu inaporukwa.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi mmoja, mtaa wa nyuma, nikisubiri tairi langu lizibwe pancha, ikaingia Premio nyeupe. Kijana aliyeiendesha alikuwa ameshachagua rimu zake: pana, nyeusi, kingo zinang'aa.

"Kaka, hizi zinakaa?"

"Zinakaa, bosi. Tunapiga spesa tu, zinatoka nje kidogo, ndiyo uzuri wake."

Rimu zile zilitoka kwenye Mark X. Matundu yake matano yamepangwa kwenye duara la milimita 114.3, na ya Premio ni duara la 100. Vipimo hivyo viwili havisikilizani, ndipo inapoingia spesa, kile kipande cha alumini kinachofungwa kwenye studi za gari, kisha rimu ikafungwa juu yake. Spesa nzuri, yenye unene wa kutosha na nati zilizokazwa kwa kipimo, inaweza kudumu. Zilizotoka kwenye ndoo ya fundi yule zilikuwa nne, mbili za unene mmoja na mbili za unene mwingine. Gurudumu la mbele lilipofungwa, akazungusha stelingi mpaka mwisho. Likasikika likikwaruza plastiki ndani ya madigadi. Akahamia nyuma. Akachukua mpini wa nyundo, akauviringishia tambara, akauingiza kati ya tairi na madigadi, akaanza kuukunja ule mdomo wa bati taratibu, huku akipiga mluzi. Kijana alikuwa upande wa pili wa gari anapiga picha.

Nikamuuliza fundi kwa sauti ya chini, "Na wakikaa watu watatu nyuma?"

Akatabasamu. "Hajauliza, mzee."

Ndugu zangu, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Yule fundi hakusema uongo. Kila alichokitamka kilikuwa kweli: rimu zimekaa, gari limependeza, fedha imelipwa. Lakini alijua, na mwenzake hakujua, na katika pengo hilo kati ya kujua na kutojua ndimo alimochuma faida yake. Sisi tumezoea kuupima uaminifu kwa ulimi uliosema. Ulimi ulionyamaza tunauacha upite bila ushuru, nao ndio uliobeba magendo.

Najua atakavyojitetea, na utetezi wake si wa kutupwa. Fremu ina kodi, vijana wake wanasubiri ujira wa siku, na mteja akikatazwa anavuka barabara, anafungiwa na jirani kwa bei ileile. Ni kweli. Lakini nani amemtaka amkataze? Ilitosha kusema: "Bosi, zinakaa, ila ukipakia watu wanne zitakwaruza, na ukiruka tuta kwa kasi zitakula tairi. Uamuzi ni wako." Maneno hayo hayachukui hata muda wa kukaza nati moja. Na mteja akienda kwa jirani baada ya kuambiwa, fundi wetu atakuwa amepoteza kazi ya siku moja, akabaki na jina. Hapa Kariakoo tunawajua wazee waliosomesha watoto wao kwa jina tu.

Hata kijana mwenye gari hana utetezi mzuri. Hakuuliza kwa sababu hakutaka kujua. Wengi wetu tukilitamani jambo huwa tunachagua maswali yetu kwa uangalifu mkubwa. Tunauliza bei, tunauliza rangi, lile swali litakalotuharibia furaha tunaliruka. Asiyeuliza kwa kuwa hakuwa na habari ana udhuru. Asiyeuliza kwa kuwa aliliogopa jibu ameshajijibu.

Tuje kwenye tairi lenyewe. Rimu pana nyingi zinazouzwa huku ni za mtumba, na mara nyingi zinakuja na matairi yake. Inama usome ubavuni, mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT, utakuta tarakimu nne. Zikiwa 2316, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata usipotembea. Hukauka, ukapasuka nyufa ndogondogo, na kwa ugumu wake haushiki lami vizuri. Muuzaji analijua hilo kuliko mnunuzi. Wapo wanaopaka dawa nyeusi mpaka tairi linameta kama limetoka kiwandani jana. Wapo wanaopiga msasa zile tarakimu nne zisisomeke. Na wapo wanaochukua tairi kipara, wakachonga mifereji mipya kwa kisu cha moto, mnunuzi akaona "meno" marefu asijue kwamba chini yake umebaki mpira mwembamba juu ya nyuzi. Huyu wa mwisho sina maneno laini ya kumwambia. Qur'ani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, inayofungua kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na Mithali sura ya 11 inaanza na mizani ya hila. Aliyepunja kibaba cha mchele amempunguzia mwenziwe chakula cha jioni. Aliyechonga tairi kipara amempunguzia nini?

Kuna upunjaji mwingine hauonekani kirahisi. Turudi kwenye hesabu yetu. Mtu akiliacha lile 225/45R17 linalolingana, akafunga 225/55R17 kwa sababu ndilo lililokuwepo na bei ilikuwa nzuri, kimo cha gurudumu kinapanda hadi milimita 679, yaani asilimia 7 zaidi. Kama mshale wa spidi ulikuwa sahihi, sasa unaposema 80 gari linakwenda zaidi ya 85. Trafiki akimsimamisha ataapa kwa dhamiri safi kwamba hakuzidisha, na atakuwa anasema anachokiamini. Na ile mita ya kilomita nayo inahesabu pungufu: gari limetembea 100, imeandika 93. Miaka mitatu baadaye anaziuza zile rimu kando, anarudisha za zamani, anamkaribisha mnunuzi asome dashibodi. Mita haikuguswa na mtu, ndugu yangu, lakini inasema uongo, na mwenye gari ndiye aliyeifundisha.

Kwenye bima ni hivyohivyo. Mkataba wa bima umejengwa juu ya mtu kueleza kila kitu kinachohusu hatari anayomkabidhi mwenzake. Aliyekata bima kubwa kwa gari la kawaida, kisha akalibadilisha magurudumu akanyamaza, asishangae siku ya ajali akiulizwa maswali ambayo hakutarajia kuulizwa.

Hapo nyuma tulikuwa tunazungumza habari za watu wazima wawili, fundi na mwenye gari, kila mmoja na akili zake. Lakini gari dogo lina viti vitano. Desemba ikifika, gari hilohilo lililopigwa picha Gerezani linaelekea Moshi. Mbele amekaa baba, nyuma mama mzazi na wajukuu wawili, buti imejaa mchele, sukari, mafuta na nguo za sikukuu. Kwenye kila tairi, baada ya saizi, kuna namba ya mzigo. Tairi la 195/65R15 kwa kawaida huandikwa 91, maana yake linabeba hadi kilo 615. Rimu ikikua na ubavu ukipungua kupita kiasi, mara nyingi utakuta limeandikwa 84, yaani kilo 500. Kwa matairi manne umepunguza kilo 460 za uwezo, na hakuna aliyemwambia mama aliyeketi nyuma akisinzia na rozari mkononi, au tasbihi, jua la Same likiwaka kwenye lami. Yeye hakuchagua rimu, na picha hakuiona. Ameingia garini kwa sababu ni la mwanawe. Aliyeketi kwenye gari lako amekukabidhi amana, na mwenye amana haombwi ridhaa kwa kunyamaziwa.

Na yupo asiyeingia garini kabisa. Gurudumu lililotokeza nje ya madigadi wakati wa masika hurusha maji machafu moja kwa moja pembeni, kwenye kanga ya anayesubiri kuvuka na kwenye sufuria ya mama lishe. Madigadi iliwekwa kwa ajili ya huyo mpita njia. Tunamwondolea kinga yake ili sisi tupendeze, halafu tunamtaka atusifie.

Sasa niseme la wizi, ingawa najua linauma. Kila mkazi wa Dar es Salaam ameona gari lenye namba zake zimechorwa kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa. Hatukufanya hivyo kwa urembo. Tulichoka kuamka asubuhi, kuanzia Ilala hadi Sinza, tukakuta kioo hakipo, kisha tukaenda sokoni kununua kinachofanana nacho mno. Rimu nazo huondoka usiku, gari likabaki limekalia matofali. Mwizi ni mmoja, na sisi sote tunamlaani. Lakini mwizi havai rimu. Anaziuza, na anayemlisha ni mnunuzi. Rimu nne nzuri za inchi 18 zikiletwa uchochoroni kwa nusu ya bei, na muuzaji akasema "lipa sasa hivi, risiti hakuna", kila aliyepo anajua kinachouzwa. Tangu mashine za EFD zianze kutumika mwaka 2010 tumefundishwa na TRA kudai risiti, na wengi wetu tunaichukulia kuwa habari ya kodi. Risiti ni ushahidi wa mahali kitu kilipotoka. Aliyekataa kuiuliza ili apate bei nzuri ameingia shirika na aliyeshika spana usiku ule, hata kama yeye alikuwa amelala kwake kwa amani.

Nimeona pia kwamba haya yetu imehama makao. Kijana anaona aibu kuegesha gari lenye rimu za chuma na vifuniko vya plastiki mbele ya wenzake, lakini haoni aibu kumwambia mwenye nyumba avumilie kodi hadi mwezi ujao, na rimu amelipia taslimu. Baba anaona aibu gari lake kuitwa la kizee. Ada ya mtoto ikidaiwa kwa barua kutoka shuleni, barua anaikunja anaiweka kwenye dashibodi. Wazee wetu walikuwa na haya ya kusema uongo, haya ya kudaiwa, haya ya kumtia mwenzao hatarini. Sisi tumebakiwa na haya ya kutopendeza. Simlaumu kijana peke yake. Sisi wakubwa ndio tunaomwita "bosi" kwa upana wa tairi, na kumpisha mlangoni mwa harusi kwa sababu ya gari aliloshuka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi ndio tuliosifu.

Kwa hiyo, ewe unayetaka kupanua magurudumu, jiulize nia yako kabla ya kuuliza bei. Ukiona unalitaka kwa ajili yako, kwa sababu unalipenda gari na fedha ni yako, basi lifanye vizuri: tafuta kimo kinacholingana, namba ya mzigo isiyopungua ile ya mwanzo, tairi lenye tarakimu zake nne zinazosomeka, na ulipie alainimenti na balansi bila kulalamika. Upepo usiujaze kwa kukisia. Kibandiko kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kimeandikwa Kijapani, lakini namba zake, 220 au 230, kila mtu anaweza kuzisoma, na mwambie fundi akueleze kama tairi jipya linahitaji zaidi ya hapo. Ukiona unalitaka kwa ajili ya macho ya watu wa barazani, subiri mwezi mmoja. Wengi wakisubiri hamu huisha, na fedha hubaki.

Nawe fundi, ndugu yangu wa benchi na ndoo ya spesa, mwambie. Hajauliza, mwambie hivyo hivyo. Kama ungependa mtu akuambie gari la mkweo limefungwa nini kabla hujapanda na wanao, basi umeshajua la kumwambia mteja.

Na siku utakapoliuza gari, mpe mnunuzi rimu zake za mwanzo. Kama hazipo, mwambie kwamba hazipo, mwonyeshe pale madigadi ilipokunjwa, mtajie na ni miaka mingapi gari limetembea na matairi makubwa. Bei itashuka kidogo. Ipokee hiyo iliyobaki, na uandike yote kwenye karatasi ya mauziano kabla hamjaweka sahihi.